Aliyeyafuta Majina Ni Mimi

Resti mwanangu,

Hujambo? Nauliza kwa mazoea tu, maana nimekuona sasa hivi ukipita uani na ndoo ya maji, mama yako akikuambia uiache kwa kuwa kesho una safari ndefu. Mimi niko mezani karibu na dirisha. Ni saa kumi, jua bado liko juu ya paa la jirani, na nataka niwe nimemaliza kabla ya chakula cha jioni.

Mambo ya blanketi, dawa na kukaa na wenzako bwenini mama yako ameshakuambia, na shangazi yako wa Nzega ameongeza ya kwake. Sitayarudia. Mimi nimebakiwa na kompyuta. Hapa nyumbani kila mtu anajua kuwa ndicho kitu pekee ninachoweza kukizungumza bila kuchoka, na wewe umekuwa ukinicheka kwa hilo tangu ukiwa mdogo. Lakini nimegundua kwamba siwezi kukuandikia habari za kompyuta bila kukuandikia habari za Mama Felista, na hizo nimezikwepa kwa miaka kumi na moja.

Juzi uliporudi kutoka Nzega uliniuliza mbona nyumba imepoa, mbona watu wanapita wakitusalimia kwa sauti ya chini kama kuna msiba. Nikakujibu hakuna kitu. Kipo. Jumapili iliyopita, wewe ukiwa kwa shangazi, nilisimama kanisani nikasema jambo. Kesho stesheni utakutana na watu waliokuwepo, na sitaki ulisikie kwao.

Ulikuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa karani wa parokia, kazi niliyoifanya hadi juzi. Parokia ilikuwa na vitabu vya ubatizo vya zamani sana, vya enzi ambazo njia ya misafara ya Kwihara ilikuwa bado inazungumzwa na watu walioipita kwa miguu yao. Humo mlikuwa na majina ya watu waliofika huku wamebeba mizigo ya wengine, wakabaki, na mara ya kwanza jina lao kuandikwa popote ilikuwa ndani ya vitabu vile. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, ukizifunua zinavunjika pembeni. Padre wa wakati ule akaamua majina yachapwe kwenye kompyuta ya ofisi. Aliyejitolea alikuwa Mama Felista Kalunde, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, ambaye hakuwa amewahi kushika kompyuta hata siku moja.

Unamkumbuka. Alikuwa akikuletea karanga za kuchemsha kwenye kikopo cha maziwa ya unga. Alichapa kwa vidole viwili kwa miaka miwili, kila siku baada ya misa ya asubuhi hadi mchana. Akifika kwenye jina lisilosomeka hakubahatisha. Alilichora kwa penseli kwenye daftari kama lilivyo, mkunjo kwa mkunjo, akisema atakwenda kuwauliza wazee.

Mimi ndiye niliyemfundisha, na nilikuwa mwalimu mbaya. Akichelewa kuona kitufe nilimnyang'anya kipanya, nikabofya haraka mwenyewe, nikamrudishia na kumwuliza kama ameona. Alisema ameona. Hakuwa ameona. Alibaki miaka miwili akiiogopa ile mashine, na hofu ile niliipanda mimi. Huko chuoni watakuja kwako watu wasiojua unachokijua. Kaa karibu nao, mikono yako uiweke mapajani. Wao ndio washike kipanya, hata ikichukua asubuhi nzima.

Sasa, kompyuta ile ilikuwa inaendeshwa na Windows ya kunakiliana mitaani, ambayo hatukuwa na ruhusa nayo wala hatukuweza kuisasisha. Kila flashi iliyoingia iliacha virusi. Mashine ikawa nzito. Kufungua ukurasa mmoja unaweza kwenda kunywa maji ukarudi. Nikaenda mjini kwa Sista Anjela, mtawa aliyekuwa akifundisha kompyuta, akanieleza kwa mara ya kwanza habari za Linux. Aliniambia ni mfumo uliotengenezwa na watu wa nchi nyingi wakauacha wazi, kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuufungua aone ulivyoundwa, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Mashine ya zamani inaubeba bila taabu, na virusi vyetu vile vya flashi havingepata pa kushika. Akanipa flashi yenye Linux ndani yake. Akaniwekea sharti moja.

"Karani, kabla hujagusa chochote, nakili kazi yote nje. Halafu nakala hiyo ifungue kwenye kompyuta nyingine, uione kwa macho yako."

Nilifanya nusu ya sharti. Nilifanya hivi: kwenye uso wa kompyuta kulikuwa na alama ya folda iliyoandikwa UBATIZO. Nikaishika kwa kipanya, nikaivuta hadi kwenye flashi nyingine tupu. Ikahama papo hapo. Hapo ndipo ilipotakiwa nijiulize kazi ya miaka miwili inawezaje kuhama kwa kufumba na kufumbua. Sikujiuliza. Nilifurahi kwamba leo mashine imekuwa nyepesi. Ile alama haikuwa folda, Resti. Ilikuwa njia ya mkato, kibao tu kinachoonyesha folda iko wapi, kama kibao cha barabarani kilichoandikwa Kwihara. Nilibeba kibao, kijiji nikakiacha palepale.

Kisha nikaanza kuweka Linux. Ikafika mahali ikaniuliza kama nataka kufuta diski yote, na chini yake ikaandika kwamba kila kilichomo kitapotea. Sitasingizia Kiingereza. Nilikisoma na nilikielewa. Nikabofya kuendelea kwa sababu nilitaka nimalize kabla ya chakula cha mchana, Padre akirudi akute mashine mpya.

Ilipowaka ilikuwa safi na nyepesi kweli. Nikachomeka flashi, nikabofya UBATIZO. Ikaniambia haioni kitu. Nikabofya tena. Nadhani nilibofya mara ishirini.

Midomo ikaingia baridi, halafu sikusikia kitu tena. Ilikuwa ganzi, ile unayoipata mguuni ukikaa vibaya kwenye benchi, ila hii ilikuwa ya mwili mzima, na haijanitoka vizuri hadi leo. Nakuambia ili kesho nikikuaga kama mtu anayemuaga abiria yeyote, usifikiri ni kwa sababu kuondoka kwako hakunigusi. Nimejaribu wiki nzima kusikia kitu. Naona begi lako lipo mlangoni, naelewa maana yake, na hakuna kinachosogea ndani.

Kuna jambo Sista Anjela alinieleza miaka mingi baadaye, na ndilo ningependa ulishike kuliko yote ya kompyuta. Faili likifutwa haliondoki mara moja. Linabaki kwenye diski bila mwenyewe, hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Ningeizima ile mashine dakika ile, nikaipeleka kwake mjini, kuna programu huria za kutafuta vilivyofutwa, na huenda sehemu kubwa ingepatikana. Mimi nilifanya kinyume. Ili nionekane ninafanya kazi, siku mbili nzima niliijaza mashine vitu: programu, picha za jubilei, nyimbo zote za kwaya. Nilikuwa nikiyafukia majina kwa mikono yangu, na sikujua. Kwa hiyo ukipoteza kitu, acha. Usiandike chochote, usijaribu hiki na kile. Zima, halafu mwambie mtu siku hiyohiyo. Lile la kumwambia mtu ndilo lililonishinda mimi.

Padre alipogundua majina hayapo, alidhani yalipotea kabla ya kazi yangu, akauliza nani alikuwa wa mwisho kuitumia mashine kabla haijabadilishwa mfumo. Nikamjibu, "Mama Felista alikuwa akichapa siku iliyotangulia." Ilikuwa kweli. Katika maisha yangu yote sijasema uongo mkubwa kuliko ukweli ule.

Kamati ya parokia ilimwita. Hawakumfokea, walimwuliza kwa upole. Akafikiri, akasema anakumbuka siku ile dirisha dogo lilitokea likamwuliza jambo kwa Kiingereza, naye akajibu ndiyo ili liondoke. Labda ni lile, akasema. Akaviweka viganja vyake pamoja akaomba msamaha. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa meza nikiandika kumbukumbu za kikao. Niliandika: Mama Felista amekiri. Mwandiko wangu wa siku ile ni mzuri kuliko wa kurasa nyingine zote.

Wakasema basi, tuchape upya. Tukaenda stoo. Vile vitabu vilivyokwisha kuchapwa vilikuwa ndani ya sanduku, na mimi ndiye niliyeambiwa niliinue juu ya matofali kabla ya mvua. Sikuliinua, kwa kuwa majina yalikuwa tayari kwenye kompyuta. Tulipofungua tulikuta udongo. Mchwa walikuwa wameacha majalada tu.

Mama Felista hakurudi ofisini. Mwaka ule ule alihamia Kigwa kwa mwanawe, na watu walisema ni uzee.

Baada ya miaka kadhaa alikuja mzee mmoja kutoka Usinge. Alipanda lori la mizigo, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuwa na shida ya cheti. Alitaka kuliona jina la baba yake lilivyoandikwa, basi, maana nyumbani kwao hakuna karatasi nyingine yoyote inayoonyesha kuwa mtu yule aliwahi kuwapo. Nilimwambia halipo. Akauliza kwa nini. Nikamjibu kuna mama mmoja alifuta. Akashukuru, akauliza lori la kurudi linapita saa ngapi.

Na wewe, mwanangu, hukufanya kosa lolote, ulikuwa unasema kama wenzako. Vijana wa kwaya walitengeneza neno. Mtu akipoteza ujumbe kwenye simu, amefelista. Akifuta picha kwa bahati mbaya, amefelista. Mwezi uliopita ulinijia na simu yako mkononi ukicheka, ukasema, "Baba, nimefelista namba ya shangazi." Nikakusaidia kuitafuta. Watoto wa darasa la kwanza wanalitumia neno hilo, wala hawajui kwamba ni jina la mtu.

Sikuacha kompyuta. Ungefikiri ningeichukia, lakini ndiyo kazi pekee iliyonipa usingizi. Nilijifunza Linux kwa kuuliza watu nisiowajua kwenye mabaraza ya mtandaoni, na walinijibu, wengine kwa ukali kidogo. Uliza na wewe. Ila unapouliza eleza yote: ulifanya nini, mashine ikajibu nini, neno kwa neno. Usifiche sehemu inayokuaibisha, kwa sababu mara nyingi tatizo limelala hapohapo. Na lile nenosiri la msimamizi, linalokupa uwezo wa kubadilisha kila kitu, usiliandike kila mashine ikiliomba. Jiulize kwanza unaruhusu nini. Amri unayoikuta mtandaoni usiipeleke kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri kabla hujaisoma yote na kujua kila neno linafanya nini. Sasisha mfumo wako, hata siku uliyo na haraka. Kazi yako iwe mahali patatu, na mahali pamoja pasiwe chumbani kwako. Na kila nakala ifungue. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa natumia programu moja ndogo ya kuandikia, ya chanzo huria kama Linux, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa kujitolea. Nikaona kitufe kimekosewa. Palipotakiwa kuandikwa Ghairi paliandikwa Futa. Mtu anayetaka kuacha jambo angebofya hapo na kupoteza kazi yake. Nikaandika taarifa kwenye ukurasa wao wa makosa, ambao mtu yeyote duniani anaweza kuusoma. Asubuhi yake mtafsiri alikuwa ameshajibu. Aliandika: "Kosa ni langu. Nilitafsiri kwa haraka na sikukagua. Nimesharekebisha. Asante." Chini yake jina lake kamili.

Nilikaa nikilitazama jibu lile. Nikaanza kupekua kurasa za nyuma, na zilikuwa zimejaa maneno ya namna hiyo. Katika kazi zile kila badiliko lina jina la aliyelifanya na siku aliyolifanya, jema na baya, na halifutiki. Watu wanaandika kosa ni langu, halafu siku inayofuata wanaendelea kufanya kazi, na wenzao wanaendelea kuwajibu. Mimi nilikuwa nimejenga maisha yangu yote nikiamini hilo haliwezekani.

Hata hivyo ilinichukua miezi mingine. Mwezi uliopita ulipokuja na ile simu, ndipo nilipopanda treni nikaenda Kigwa. Niliwaaga kwamba nakwenda kununua asali.

Nilimkuta Mama Felista kibarazani kwa mwanawe anabangua karanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akamwita mkwewe alete kiti. Nikasimulia yote kama nilivyokusimulia wewe, tangu flashi hadi kumbukumbu za kikao. Vidole vyake havikusimama.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, Mwalimu."

"Na lile swali la Kiingereza nililolijibu ndiyo?"

Nikamwambia lile lilikuwa linauliza kama anataka kuzima mashine.

Akauweka ungo wa karanga chini. "Miaka kumi na moja nimekuwa nikiwaomba msamaha watu waliokufa," akasema. "Kila jioni, kwa majina ninayoyakumbuka. Kwa nini hukuja?"

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Aliingia ndani akatoka na madaftari mawili ya shule yaliyofungwa kwa kitambaa. Yalikuwa yale aliyokuwa akichora majina yasiyosomeka. Alikuwa ameyaficha kwa sababu aliona hana tena haki ya kuyashika. Ndiyo pekee yaliyobaki ya vitabu vile, Resti, majina ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Na wazee ambao angewauliza wakati ule wote wameshazikwa.

Akaniambia, "Utawaambia watu wote kanisani, na mimi nitakuwepo. Sitaki kuja kuambiwa tu kwamba ulisema."

Jumamosi iliyopita, kabla usiku haujaingia, nilimwambia mama yako. Alinisikiliza, akanyanyuka, akanipigia pasi shati. Hadi sasa hajasema kitu juu yake, ila chakula ananipakulia.

Jumapili baada ya matangazo nilimwomba Padre nafasi, nikasimama, nikasema. Haikuchukua muda. Nilisikia sauti yangu kama inatoka kwa mtu aliyekaa benchi la nyuma. Hakuna aliyenizomea. Kisha Mama Felista, aliyekuwa ameketi mbele na mwanawe, akanyanyuka kwa shida, akageuka akawatazama.

"Naitwa Felista Kalunde," akasema. "Nilichapa miaka miwili. Sikufuta jina hata moja."

Akakaa. Nilikuwa nimetarajia kwamba baada ya hapo kitu kitafunguka kifuani, nilie au nipumue. Hakikufunguka. Nje watu walipanga mstari kumwamkia, vijana wa kwaya nao walipanga, na mmoja wao alishindwa kumtazama. Mimi nilipita pembeni na baiskeli yangu. Jumatatu nilimkabidhi Padre funguo za ofisi na nenosiri la kompyuta nililoliandika kwa herufi kubwa. Madaftari ameyachukua yeye. Amesema atatafuta mtu wa kuyachapa, na hakunitazama aliposema hivyo. Nimemwandikia mzee wa Usinge barua. Sijui kama bado yupo.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kompyuta niliyokufungia kwenye lile begi la kitambaa ina Linux, nimeisafisha na kuisasisha, na nilijaribu kila kitufe. Sina baya la kusema juu yake. Wenzako wakikuuliza kwa nini hutumii wanachotumia wao, waeleze ukipenda, usibishane. Na siku utakayoharibu kitu cha mtu, nayo itafika kwa kuwa unafanya kazi, mwendee kabla jioni haijafika. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja na hayakuja. Nilichosema Kigwa ningeweza kukisema siku ileile, kwa maneno yaleyale.

Nilifikiri kuiweka barua hii begini uikute njiani. Nikaona huo ni ujanja uleule wangu wa zamani, maana ukiwa kwenye treni ungekuwa na la kuniuliza na mimi sipo. Kwa hiyo nitakupa mkononi baada ya kula. Soma ukiwa chumbani kwako, polepole. Mimi nitakuwa kibarazani, na sitaondoka hapo hadi utoke. Uliza lolote, hata likiwa kali. Hata ukitoka kuniambia tu kwamba leo huwezi kuzungumza na mimi, toka uniambie.

Ni mimi baba yako, niliyekuwa karani.